Gari la Kijani Halikumaliza

Baba yangu hakuwa na subira na gari lisilo na buti. Yale magari ya mbio yanayoshangiliwa na dunia nzima, membamba, matairi nje, dereva katoa kichwa kama kobe, yeye aliyaita panzi. "Gari gani hilo halichukui hata kilo mbili za mchele?" Aliuliza hivyo kila yalipoonekana kwenye televisheni, na hakuna aliyewahi kumpa jibu la kumridhisha. Alikuwa dereva wa lori Tabora kabla ya kuhamia Oman na mama yangu, kisha akaendesha tangi la maji hapa Ibra, kisha akafungua gereji kwenye mtaa wa mafundi nje ya mji. Kwake yeye gari lilikuwa kitu cha kubebea vitu.

Kwa hiyo siku dishi letu liliponasa chaneli moja ya Marekani, na kwenye kioo yakatokea magari arobaini yenye milango, boneti na buti, yakifukuzana kwenye njia ya duara, baba aliweka kikombe chini. "Haya sasa ndiyo magari," akasema. Baadaye akaja kugundua kwamba milango ile haifunguki, dereva huingilia dirishani, na taa za mbele ni stika tu zilizobandikwa. Alikasirika wiki nzima. Mimi wakati ule nilikuwa nimerudi kwake baada ya kuachwa, na masanduku yangu mawili na ulimi wangu mkali. Nikamwambia asihuzunike sana, hata mume niliyepata mimi taa zake zilikuwa za stika. Akanifukuza sebuleni, halafu akaniita nirudi kwa sababu hakujua kutumia rimoti.

Mbio zenyewe hukimbiwa Jumapili mchana kule kwao, na huku kwetu watu wanakuwa wamelala. Nilikuwa nazirekodi. Jumatatu nikitoka shuleni ninakofundisha, na yeye akirudi msikitini baada ya alasiri, tunakaa. Kulikuwa na sheria moja: hakuna kufungua simu kutafuta nani kashinda. Baba alikuwa na rafiki yake wa tangu utotoni Tabora, sasa yuko Sur, mzee aliyestaafu kuendesha malori ya samaki kutoka pwani ya Ashkhara. Naye alikuwa mgonjwa wa mbio zile zile. Rafiki alikuwa wa gari jekundu, baba wa gari la kijani, kwa sababu lori lake la kwanza lilikuwa la kijani. Jumanne alasiri wanapigiana simu na kutukanana kwa furaha, wazee wawili wenye wajukuu.

Viwanja alivyovipenda kupita vyote ni vile vikubwa sana, ambako duara moja ni zaidi ya maili mbili na kona zimeinuliwa kama ubavu wa bakuli. Kule dereva hakanyagi breki. Lakini hakuna anayewakimbia wenzake pia. Gari la mbele linapasua upepo, la nyuma linavutwa, mawili yakishikana yanakwenda kasi kuliko moja, na hivyo arobaini yote yanakwenda kwa fungu, mlango kwa mlango, bampa kwa bampa. Baba aliyajua hayo bila kufundishwa. Alikuwa akijibanza nyuma ya mabasi kwenye barabara ya Nzega ili kuokoa dizeli. Na kwenye fungu lile dereva mmoja akikosea kidogo tu, wanagongana ishirini.

Na kwa kuwa dereva amefungwa mikanda na haoni pembeni wala nyuma, kila gari lina mtu wake aliyesimama juu ya paa la jukwaa, na darubini na redio, anamwambia sikioni nani yuko wapi. Baba alimhusudu mtu yule. "Huyo ndiye mwenye kazi," alisema. "Dereva ni mikono tu."

Kisha sukari ikaanza kula macho yake. Mwanzo alidai kioo cha televisheni kichafu. Nilikifuta mara tatu, mara ya tatu kwa hasira na sabuni ya vyombo, kabla ya kuelewa kwamba uchafu haukuwa kwenye kioo. Jicho la kushoto likaingia ukungu, la kulia likawa linaona madoa meusi yanayoelea. Alipoacha kulitambua gari la kijani kati ya mengine, aliendelea kukaa pale pale, uso kwenye televisheni, anasikiliza kelele za Kiingereza asichokijua. Nilikaa karibu naye nikaanza kumwambia ninachoona. Akanisikiliza mizunguko miwili mitatu, kisha akanikatiza.

"Usinisomee habari kama wa redioni. Wewe sasa uko juu ya paa."

Basi nikapanda paani. Tukatengeneza lugha yetu. "Ndani" maana yake kuna gari upande wa ndani. "Nje" maana yake liko upande wa ukuta. "Bado yupo, bado yupo," ninasema mpaka anapoondoka, kisha: "Huru!" Hapo baba anaingia. Nasema anaingia kwa sababu alikuwa anaendesha kweli, mikono miwili mbele yake imeshika usukani wa hewa, mguu wa kulia umekandamiza zulia. Nikichelewa kusema, ananigombeza. Nikisema "huru" na gari likapata njia, anatikisa kichwa na kusema, "Umeona vizuri, mama." Hakuna mtu aliyewahi kunisifu hivyo, wala mwalimu mkuu wangu, wala yule mwenye taa za stika. Nilikuwa naisubiri Jumatatu kama mtoto anavyosubiri Idi.

Jumatatu ninayoikumbuka kuliko zote ilianza vibaya. Wiki iliyotangulia, daktari wa macho wa Nizwa alikuwa ameniambia jicho la kushoto limekwisha, na kwa bahati mbaya baba alilisikia neno lile la Kiarabu la daktari, khalas, kabla sijapata la kusema. Tangu siku ile hakula ila vipande vya mkate na kahawa. Asubuhi hiyo akajigonga kwenye mlango wa kabati la jikoni nililoacha wazi mimi, akapasuka kidogo juu ya nyusi. Alikaa mbele ya televisheni na plasta kwenye paji la uso, amenywea. Nilifikiri: leo gari la kijani likishinda, atakula.

Na likawa linakwenda. Wallahi lilikuwa linakwenda. Ilipobaki mizunguko michache lilikuwa la pili, jingine la buluu likilisukuma kwa nyuma. Baba alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti. "Nje yupo," nikasema. "Bado yupo. Bado. Bado. Huru!" Akazungusha mikono. Akakunjuka uso mzima kwa tabasamu, kwa mara ya kwanza wiki nzima. Mizunguko mitatu. Wakaingia kona, na lile la buluu likasukuma vibaya, upande kidogo tu, kama mtu anavyokupiga kumbo mlangoni. Matako ya gari la kijani yakateleza. Likapanda juu, likajipigiza ukutani kwa pua, likarudi chini mbele ya wenzake, na wote wakalifuata. Moshi, vyuma, tairi moja linakwenda zake peke yake kwenye nyasi. Watangazaji walikuwa wanapiga kelele.

"Nini?" baba akauliza. "Nini?"

Msikiti wetu umepakana na ukuta wa nyumba. Hapo hapo muadhini akaanza azan ya magharibi. Nikasimamisha mkanda na kuzima sauti, kama tunavyofanya siku zote. Baba akawa anaitikia maneno ya azan polepole, midomo tu, lakini mikono yake haikushuka. Ilibaki imeshika usukani. Mimi nilikuwa na azan nzima ya kufikiri, kwa hiyo sitasema nilipitiwa. Nilikuwa naitazama ile mikono.

Lazima nieleze kitu kimoja. Kwetu mgonjwa haambiwi. Mama alipougua ini, daktari alituambia sisi, na baba ndiye aliyekwenda kukaa kitandani kwake na kumwambia, "Daktari kasema kheri." Kila tuliporudi kutoka hospitali, kheri. Mama akabaki mifupa, kheri. Hakuna aliyeona kuwa ni uongo. Ilikuwa kama kumfunika mtu shuka. Nimelelewa katika hilo, na nilipofungua mdomo wangu baada ya azan nilifikiri namfunika baba yangu shuka.

"Enhe?" akasema.

"Ni nyuma," nikamwambia. "Wamegongana nyuma yetu. Sisi tumepita."

"Tumepita?"

"Tumepita, baba. Tuko mbele."

Nikaendesha mkanda bila sauti, nikamwambia watu wanaswali jirani, tusiwapigie makelele. Kwenye kioo wafanyakazi walikuwa wanafagia vyuma kwa mafagio, na gari la kuvuta linaondoa gari la kijani likiwa limekunjika kama kopo. Na mimi, macho yamelikazia kopo lile, nikatunga mizunguko mitatu. Ndani yupo. Bado yupo. Huru. Nje, nje, mzibie, baba! Sijawahi kutangaza vizuri namna ile. Nilipomwambia bendera imeshuka, aliinua mikono yote miwili juu, kisha akaitumia kujipangusa uso. Akaenda kuswali. Aliporudi alikula sahani mbili za wali na samaki, na akanambia kesho yake ninunue halwa niipeleke kwenye sabla ya mtaa, ambako wazee hukaa kunywa kahawa, niseme imetoka kwa mshindi.

Niliinunua. Niliipeleka. Nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa mzee wa Sur, na kwa hilo nastahili kuchekwa, maana Jumanne haijawahi kupita bila yeye.

Simu iliita baba akiwa uani anaota jua. Siku hizi anaisikiliza kwa sauti ya nje, kwa hiyo na mimi niliyekuwa naanika nguo nikasikia yote.

"Pole sana, ya sheikh! Chuma chako kimekuwa sahani!"

"Sahani ya pilau ya ushindi," baba akajibu. "Njoo ule."

Mzee akacheka. "Ushindi gani? Wewe uliangalia mbio zipi? Gari lako lilipanda ukutani, imebaki mizunguko mitatu. Nimeliona mimi."

Nilikuwa nimeshika kanzu yake mbichi, maji yananitiririka mkononi. Baba akaisogeza simu mdomoni. Kisha akasema, "Aa, nakutania bwana. Nilijua utaruka." Akamuuliza habari za wajukuu, akaaga, akaikata simu. Alinifichia aibu yangu mbele ya rafiki yake, na hilo lilinichoma kuliko kama angenipiga kofi.

"Uko hapo?" akauliza.

"Niko, baba."

"Liligonga wapi?"

Nikamweleza. Kona ya pili, bampa la buluu, ukuta, nyasi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na ile mizunguko mitatu?"

"Nilitunga."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa huli. Nilikuonea huruma."

"Huruma," akasema, kama anataja jina la mtu asiyemkumbuka. "Mama, mtu wa juu ya paa akisema huru na si huru, dereva anakufa. Ningekuwa ndani ya gari kweli, ungeniua." Hakupandisha sauti. Aliomba kanzu kavu, nikampa, akaingia ndani akipapasa ukuta.

Jumatatu iliyofuata niliwasha televisheni, akasema kichwa kinamuuma. Iliyofuata vile vile. Sikuwasha tena. Mabaya zaidi yalikuwa mengine, madogo madogo. Nikimwambia chai haina sukari, anamuuliza na dada wa kazi. Nikimwambia saa kumi na moja, anaibonyeza simu yake imtajie saa kwa Kiarabu. Siku moja nilimwambia yule mtu anayepita barazani ni jirani yetu, akasema, "Mwambie anisalimie," ili asikie sauti. Nilikuwa mtu wa miaka arobaini na moja, ninafundisha watoto wa watu sayansi, na baba yangu haniamini kuhusu sukari kwenye kikombe. Nilikuwa nalia bafuni, maji yakiwa wazi.

Mwezi na nusu baadaye tulirudi Nizwa. Daktari alikuwa mgeni, mama mtu mzima, Kiarabu chake cha maneno kumi. Alilichungulia jicho la kulia kwa muda mrefu sana, kisha akanigeukia na kuniambia kwa Kiingereza, taratibu, ili nisikosee. Jicho limejaa damu na utando wa nyuma umeanza kuvutwa, lakini sehemu ya kati, ile ya kuonea, bado imeshika. Akifanyiwa upasuaji Maskati upesi, upo uwezekano mzuri akaona: si kusoma, lakini uso wa mtu, njia, chakula kwenye sahani. Akichelewa, utando utaachia, na ukiachia hivyo haurudi. Nilimuuliza mara mbili. Nilimwambia aniandikie. Kisha akampapasa baba begani na kumwambia kwa Kiarabu chake, "Zein, baba, zein. Inshallah." Nilimwona baba akiinamisha kichwa, nikajua alichosikia. Vizuri, vizuri: ndivyo wanavyosema madaktari wote kwa wanaokwisha.

Garini hakuuliza mpaka tulipotoka mjini.

"Kasema nini?"

"Kasema la kulia linaweza kupona," nikasema. Nikaisikia sauti yangu mwenyewe, nyepesi, imechangamka, ile ile ya mizunguko mitatu. Nilikuwa na furaha ya kweli na sikuwa na sauti nyingine ya kuisemea.

"Alhamdulillah," akasema, kama mtu anayepokea mkono wa rambirambi.

"Baba, ni kweli. Upasuaji Maskati. Utaona watu. Utaniona mimi."

"Kheri," akasema. Kisha akaongeza: "Mama yako nilimwambia hivyo hivyo, kwenye njia hii hii. Nilimwambia ataona harusi ya kaka yako."

"Wallahi, baba—"

"Usiape, mwanangu. Usijitie dhambini kwa ajili yangu."

Nikaegesha gari pembeni, mbele ya duka la matairi. Nilipiga usukani kwa viganja, nikapiga kelele, nikamwambia nimekosa, nimekosa mara moja, siku moja tu, asiniadhibu kwa jicho lake. Kisha nikalia kilio cha kwikwi ambacho sikuweza kukizuia. Na hilo ndilo lililomaliza kila kitu, kwa sababu hakuna anayelia hivyo kwa habari njema. Baba alinyoosha mkono, akautafuta uso wangu, akanifuta machozi kwa kidole gumba. Alikuwa ananibembeleza mimi. "Basi, mama," akasema. "Mimi nimeshapokea. Usibebe peke yako."

Nilimpigia kaka yangu Maskati, akaja Ijumaa na karatasi ya daktari, akaisoma kwa sauti, akaitafsiri neno kwa neno. Baba alimsikiliza kwa adabu, kisha akamuuliza kama na yeye nimemfundisha mimi la kusema. "Mlikaa kikao," akasema. "Na kwa mama yenu tulikaa kikao, tena chumba hiki hiki." Kaka akakasirika akaondoka kabla ya chakula. Nilimwomba mzee wa Sur amwambie. Baba akamjibu kwamba hatakubali kukatwa jicho ili watoto wake wapate kujisikia wamefanya jambo. Kuna siku nilifikiria kumpeleka kwa hila, kumwambia tunakwenda harusini. Niliitupa fikira hiyo. Nilikuwa nimeshamdanganya vya kutosha.

Siku zikapita. Niliipigia hospitali ya Maskati kuahirisha siku ya upasuaji, kisha kuahirisha tena. Asubuhi moja aliamka akaniambia dirisha halionekani.

Tulirudi kwa daktari yule yule. Alichungulia, safari hii kwa muda mfupi, akazima taa yake ndogo. Alinitazama na kutikisa kichwa, na hakumpapasa baba begani. Nilimshika baba mkono mpaka garini, nikamfunga mkanda, nikakaa kwenye kiti changu bila kuwasha gari.

"Kasema nini?" akauliza.

Nilitafuta pa kushika. Hapakuwepo.

"Kasema limekwisha, baba. Tumechelewa. Hutaona tena."

Akashusha pumzi ndefu, akajilaza kwenye kiti, uso wake ukatulia kama haujawahi kutulia miezi yote ile. Akaupata mkono wangu juu ya gia, akaubana.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Leo umeniambia kweli."